SUBIRA YA MTOTO NA SUBIRA YA MTU MZIMA



Somo letu la mara hii ni subira, tabia iliyotajwa mahali pengi katika Qur'ani, na ambayo hapana nyumba katika mji wetu isiyoitaja kila siku. Mtoto akililia chakula huambiwa, "Subiri." Kijana asiyepata kazi huambiwa, "Subiri." Mke anayedhulumiwa huambiwa, "Subiri." Na aliyefiwa naye huambiwa neno lilo hilo. Neno ni moja, lakini watu wanne hawa hawakutakiwa jambo moja. Na kwa kuwa hatupambanui, twamtaka mtoto awe na subira ya mzee, na mzee akiwa na subira ya mtoto twamwachia. Mchanganyiko huu una madhara makubwa katika malezi yetu, ndipo tukaona yapasa tulieleze jambo hili kwa utaratibu.

1. MAANA YA SUBIRA

Asili ya neno "sabr" katika Kiarabu ni kuzuia. Mwenye kusubiri ni yule aizuiaye nafsi yake isitoke katika njia ya haki. Wanazuoni wetu wameigawa subira mafungu matatu: kusubiri juu ya taa, kama mtu anayeamka alfajiri na usingizi ungali mtamu, kusubiri na maasi, kama mtu aliyeitwa na matamanio akakataa kuitika, na kusubiri juu ya misiba, kama aliyefiwa au aliyepoteza mali.

Tizameni vyema: katika mafungu yote matatu mna kazi. Hapana hata moja ambalo maana yake ni kukaa kitako na kukunja mikono. Wazee wetu mabaharia walilijua hili bila ya kufundishwa na kitabu. Nahodha aliyekuja na kaskazi hawezi kurejea Arabuni mpaka kusi iingie; hata akikasirika, upepo hauna masikio. Lakini nahodha hakulala akaita usingizi wake subira. Alipandisha chombo pwani, akatia kalafati, akashona tanga, akauza na kununua, akalipa madeni yake. Upepo ulipogeuka ulimkuta tayari. Hiyo ndiyo subira. Mwenye kulala mpaka msimu ukampita, huyo amekuwa mvivu, hata akiliita jambo lake kwa jina zuri namna gani.

Wala subira si kunyamazia uovu. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki mwaka 1947, ni katika watu waliosifika kwa ustahimilivu katika mji huu. Na ndiye huyo aliyetoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akawaeleza Waislamu wenziwe aibu zao waziwazi. Alivumilia maneno ya watu, lakini hakuuvumilia ujinga wao. Kati ya mambo mawili hayo pana tafauti kubwa.

2. SUBIRA HAIZALIWI NA MTU IMEKAMILIKA

Imam Ghazali katika Ihya, kwenye mlango wa subira na shukrani, ameeleza jambo ambalo kila mzazi yapasa alijue. Asema kwamba mtoto mwanzo wake hana ndani yake illa matamanio ya chakula. Kisha yamzukia matamanio ya mchezo na pambo. Kisha, akikua, matamanio ya ndoa. Na subira haiwezi kupatikana mpaka pawe na majeshi mawili yanayopigana katika moyo: jeshi la matamanio na jeshi la akili na dini. Mtoto mchanga analo jeshi moja tu. Kwa hiyo, kumkasirikia mtoto wa miaka miwili kwa kukosa subira ni sawa na kuikasirikia ardhi kwa kutotoa mchele ambao hukuupanda. Jeshi la pili huja kidogo kidogo, huanza kuonekana mtoto anapoanza kupambanua mambo, na huzidi nguvu mpaka anapobaleghe na baada yake.

Utaratibu huu ndio uliomo katika mafunzo ya Mtume wetu (s.a.w.). Ameagiza mtoto aamrishwe kusali afikapo miaka saba, na asishikwe kwa ukali illa afikapo kumi. Baina ya saba na kumi pana miaka mitatu mizima: miaka ya kuamrisha, kukumbusha na kungoja. Wangapi katika sisi wanaoipita miaka mitatu hiyo kwa siku tatu? Baba amwambia mtoto mara moja, asipotii amnyanyulia mkono, kisha yeye ndiye anayemhubiria mtoto juu ya subira!

Maulamaa wa tiba wa zama hizi nao wamefika karibu na maneno hayo kwa njia nyingine. Wameona kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo kazi yake ni kupima mambo na kumzuia mtu na haraka, ndiyo inayochelewa kukomaa, na haikamiliki mpaka mtu amepita miaka ishirini na kitu. Hatusemi haya ili kumvua kijana jukumu lake. Mwenye kubaleghe amekwisha kuwa mukallaf. Twasema ili mlezi ajue kwamba amekabidhiwa kitu kinachokua.

3. SUBIRA YA MTOTO NI YA KUAZIMWA

Mtoto hana subira yake mwenyewe; huazima ya wakubwa wake. Na huazimwa kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kumsahaulisha anachokitamani. Katika Sahihi mbili, Bukhari na Muslim, imepokewa kwa bibi Rubayyi binti Muawwidh kwamba masahaba wanawake walikuwa wakiwafungisha watoto wao siku ya Ashura, na wakiwatengenezea vitu vya kuchezea kwa sufi. Mtoto akililia chakula hupewa mchezo huo mpaka wakati wa kufuturu. Lizingatieni jambo hili. Hawakumwambia mtoto, "Nyamaza, huna haya?" Walijua kwamba mtoto anayekitazama chakula hawezi kukingoja, basi wakamgeuza macho.

Baada ya zaidi ya miaka elfu na mia tatu, mwalimu mmoja wa elimu ya nafsi huko Marekani, Walter Mischel wa chuo kikuu cha Stanford, aliwajaribu watoto wa umri wa miaka kama minne. Mtoto aliwekewa kitu kitamu, akaambiwa: ukitaka utakipata sasa kimoja, na ukiningoja mpaka nirudi utapata viwili. Katika maandishi yake ya mwaka 1970 na 1972 alieleza kwamba watoto walingoja zaidi pale kitu kile kilipofichwa na macho yao, au walipopewa kitu cha kuchezea. Hiyo ndiyo hekima ya mamama wa Madina. Na wazee wetu hapa waliifuata walipomfungisha mtoto nusu siku katika Ramadhani, wakamtuma huku na huko, wakamsimulia hadithi hata saa zikapita.

Njia ya pili ni kusema naye kweli, na hii ndiyo tuliyoipoteza. Mwaka 2013 wataalamu wa chuo kikuu cha Rochester, huko huko Marekani, walieleza jaribio walilolifanya kwa watoto 28 wa miaka mitatu mpaka mitano. Kabla ya kuwapa mtihani ule wa kungoja, watoto nusu waliahidiwa kalamu nzuri za rangi wakaletewa. Na nusu waliahidiwa kisha wakaambiwa hazipo. Wale waliotimiziwa ahadi wakangoja, kwa wastani, kama dakika 12. Wale waliovunjiwa ahadi hawakungoja illa kama dakika 3. Watoto walikuwa ni wale wale kwa umri na hali; kilichowatenga ni neno la mtu mzima, lilikuwa kweli au lilikuwa uwongo.

Nasi, jamaa, tulikuwa na habari hii tangu hapo. Abu Daud amepokea kwamba mama mmoja alimwita mwanawe mdogo, aje ampe kitu, na Mtume (s.a.w.) yupo pale. Akamuuliza ni nini anachotaka kumpa. Akajibu kuwa ni tende. Akamwambia kwamba lau asingempa kitu, angeandikiwa uwongo. Sasa na tujiulize: ni mara ngapi kwa siku katika nyumba zetu mtoto huambiwa, "Nyamaza, nitakununulia," na anayesema amekwisha kujua kuwa hatanunua? Wazee walisema ahadi ni deni; hawakusema kuwa deni la mtoto halilipwi. Mtoto aliyezoea kudanganywa, akinyakua alicho nacho mbele yake, hakukosa akili. Amejifunza kwetu kwamba kungoja ni kupata hasara.

Na asije mtu akadhani kwamba subira ya watoto ni sifa ya mataifa makubwa. Mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya jaribio kama hilo lililofanywa kwa watoto wa miaka minne wa Kijerumani na watoto wa kabila la Wanso, wakulima wa Kameruni. Watoto wa Wanso waliosubiri mpaka mwisho walikaribia 70 katika kila mia. Wa Kijerumani walikuwa 28. Malezi ndiyo yafanyayo kazi. Wala utajiri haumnunulii mtu tabia.

4. SUBIRA YA KIJANA NI YA KUPIGANIWA

Mtoto akibaleghe, njia zile mbili hazitoshi tena. Kijana hasahaulishwi kwa mchezo wa sufi. Matamanio yamepata nguvu zote, na jeshi la pili ndilo kwanza linajifunza kushika silaha. Hapa ndipo subira na maasi inapokuwa jihadi ya kweli, na hapa ndipo tunapowapoteza wengi. Mitaa yetu ya Mji wa Kale imekwisha kuona vijana waliolelewa vyema wakichukuliwa na unga, na kila mmoja wetu anaijua nyumba iliyolia kwa sababu hiyo. Unga haumwahidi kijana illa kitu kimoja: raha sasa hivi, bila ya kungoja. Aliyefikia umri huo hali hajapata kuzoezwa kungoja hata saa moja, atalijibu nini jambo hilo?

Kwa hivyo kijana yataka apewe sababu za mambo, kwani amri tupu haimshiki. Apewe kazi ambayo tunda lake huja baadaye: kujifunza ufundi, kuhifadhi Qur'ani, kuweka akiba. Na apate wa kumsikiliza. Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba mwenye nguvu si yule anayewaangusha wenziwe katika mieleka, bali ni anayeimiliki nafsi yake wakati wa ghadhabu. Kijana hupenda nguvu. Basi na aonyeshwe kwamba nguvu ni hiyo.

5. MTOTO ALIYENYAMAZISHWA: SOMO LA NGOMENI

Sasa twafika katika jambo ambalo ndilo shabaha ya somo hili, nalo ni kwamba mtoto anayenyamaza si lazima kuwa anasubiri. Mfano wake uko mbele ya macho yetu, katika Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ikawa gereza tangu 1895 mpaka 1958, na tangu 1960 ni makumbusho yanayotembelewa na watu wa kila nchi.

Mfalme wa Mombasa, Hassan bin Ahmad, aligombana na wakuu wa Kireno waliokaa ngomeni, akakimbilia bara, na huko akauawa mwaka 1614 kwa hila yao. Aliacha mtoto wa kiume, Yusuf, umri wake wapata miaka saba. Wareno walimchukua mtoto huyu mpaka Goa, wakamtia mikononi mwa mapadri, wakambatiza na kumpa jina la Dom Jerónimo Chingulia. Hakuulizwa anataka nini. Akakua, akafunzwa vita vya baharini, akawa mtu wao kwa kila alama ya nje; hata mwaka 1626 wakamrejesha Mombasa awatawale watu wake chini ya bendera yao. Walidhani wamemaliza kazi. Lakini mwezi wa Agosti mwaka 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamwua kamanda, akarejea katika Uislamu waziwazi, na Wareno waliokuwamo mjini wakauawa, wake kwa waume, na hata watoto. Mwaka 1632, baada ya kuyashinda majeshi yaliyotumwa kutoka Goa, aliuacha mji, akawa akizunguka baharini akiwapiga Wareno mpaka alipokufa mwaka 1638.

Tangu 1614 mpaka 1631 ni miaka kumi na saba. Je, miaka hiyo ilikuwa ya subira? Yaliyokuwa moyoni mwake yuajua Mwenyezi Mungu peke yake, wala hatumhukumu. Na waliomdhulumu mtoto yatima, wakampokonya wazazi na dini, hao ndio walioupanda moto, na mzigo wao hauondoki. Wala kumwondoa dhalimu hakukatazwi. Lakini Mtume (s.a.w.) amekataza kuwaua wanawake na watoto vitani, basi ghadhabu iliyovuka mpaka huo haiwezi kuitwa subira, hata ikiwa ilingoja miaka kumi na saba. Ilikuwa ni moto chini ya jivu.

Mlinganisheni na Nabii Yusuf (a.s.), ambaye jina lao ni moja. Naye alitengwa na babake angali mdogo, akatupwa kisimani, akauzwa, akalelewa na wageni, akafungwa gerezani bila ya hatia. Naye pia ilifika siku waliomdhulumu wakasimama mbele yake, na uwezo uko mkononi mwake. Akawaambia kwamba siku hiyo hawana lawama, akawaombea msamaha. Tafauti iko wapi? Nabii Yusuf aliingia kisimani hali ya kuwa amekwisha kupata mapenzi ya babake na habari ya Mola wake. Na huko nyuma babake naye alikuwa akisubiri subira njema, akilia lakini hakati tamaa. Kitu alichopewa utotoni ndicho alichokikuta utu uzimani.

Basi na tutizame tunavyofanya nyumbani na vyuoni. Mtoto anapopigwa kwa kila kosa, akatukanwa mbele ya wenziwe, hunyamaza. Sisi hufurahi tukasema, "Huyu sasa ana adabu." Ibn Khaldun katika Muqaddima yake ameonya kwamba ukali wa mwalimu humdhuru mwanafunzi, khasa mdogo, humvunja moyo, humfunza uwongo na hila, kwa kuogopa mkono usimwangukie. Mtoto huyo hakujifunza kuizuia nafsi yake. Amejifunza kuificha. Na kilichofichwa hutoka, ikiwa si leo ni siku atakapokuwa na mke wake na watoto wake, na wao ndio watakaolipa deni lisilokuwa lao.

6. SUBIRA YA MTU MZIMA NI MALI YAKE MWENYEWE

Mtu mzima hangoji kwa kusahaulishwa wala kwa kuogopa. Husubiri kwa kuwa amejua. Na hapa pana funzo kubwa katika Sura ya Al-Kahf. Nabii Musa (a.s.), naye ni mtume mkubwa, alimwahidi mja mwema kwamba atasubiri, na mara tatu asiweze kunyamaza, kwa jahazi iliyotobolewa, kwa kijana aliyeuawa, na kwa ukuta uliosimamishwa bila ya ujira. Na yule mja alikuwa amekwisha kumwambia tangu mwanzo: vipi utasubiri kwa jambo usilolijua undani wake? Haya ndiyo maana yake, wala si maneno yenyewe. Basi subira hukua kwa kadiri elimu inavyokua. Na pale elimu yetu inapokoma, hubaki kumwamini Yeye ajuaye.

Alama ya subira iliyokomaa imeelezwa katika hadithi ya mwanamke aliyekuwa akilia kaburini. Mtume (s.a.w.) alimwusia subira, naye kwa kutomjua akamrudisha kwa maneno; alipojua ni nani akamwendea kutaka udhuru, akaambiwa kwamba subira ni ile ya pigo la kwanza. Kwani pigo likisha kupoa, kila mtu husubiri, hata asiyetaka. Siku zenyewe humtuliza. Mtu mzima hujulikana katika saa ile ya kwanza: habari mbaya inapofika, mtoto anapovunja kikombe, mteja anapotukana.

Wala tusidhani kwamba miaka peke yake hutosha. Qur'ani katika Sura ya Al-Ahqaf yamtaja mtu aliyetimiza miaka arubaini akaomba awezeshwe kushukuru na kutenda mema. Maana yake ni kwamba hata aliyefika umri huo bado ni mwenye kuomba. Tumewaona wazee wenye mvi wanaogombania nafasi katika safu ya kwanza mpaka wakasukumana, na tumewaona vijana waliowauguza mama zao miaka bila ya kunung'unika.

7. MAMBO YA KUYATENDA

Tukiyakusanya tuliyoyaeleza, twapata mambo manne:

Kwanza, usimwahidi mtoto ila unachonuia kumpa, na ukisha kuahidi, mpe. Ukishindwa, mwambie kweli na sababu yake.

Pili, mzoeze kungoja kwa kipimo cha umri wake: dakika kwa mdogo, saa kwa mkubwa, siku kwa aliyekaribia kubaleghe. Samaki mkunje angali mbichi. Lakini ukimkunja kwa nguvu huvunjika.

Tatu, aliyedhulumiwa usimpe neno "subiri" badala ya haki yake. Kwanza simama naye apate haki. Kisha mwusie subira katika njia ya kuitafuta. Haya yamhusu mke, mtumishi, yatima na mwanafunzi.

Nne, mtoto huiga akionacho. Baba anayepiga honi na kutukana njiani amekwisha kufundisha somo la siku hiyo, hata jioni akifungua kitabu cha adabu.

MASWALI YA DARASA

Wenzetu katika darasa wayazingatie haya kabla ya kukutana tena: Ni ahadi gani tuliyompa mtoto wetu ambayo hatujaitimiza? Katika nyumba zetu, ni nani anayenyamaza, nasi twadhani anasubiri? Na pigo la kwanza lilipotufika mara ya mwisho, tulisema nini?

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wenye kusubiri, na watoto wetu wakue na subira yenye nuru, isiyokuwa jivu juu ya moto. Wabillahi ttaufiq.